Jibu Moja kwa Makosa Mawili

Syovata alikuwa na ulimi mkali, na alijijua. Kazi za hoteli za Diani zilipokauka baada ya vurugu za mwaka wa tisini na saba, mwanawe wa pekee, Muange, alipata kazi ya upishi Dubai. Siku ya kuaga, mamake alimwambia mbele ya majirani, "Nenda. Na ukiona taabu huko, usinililie."

Hata hivyo, kabla ya kusafiri, Muange alimpeleka mamake Kwale, kwa Kadzo mwenye duka la kompyuta, akamfungulia sanduku la barua pepe la kutumia wote wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake barua humo. Neno la siri likawa Kiilu, jina la marehemu babake Muange. Hakuna mwingine aliyelijua.

Kila Jumanne Syovata alitoka shambani Mkongani, akaliandika neno lile kwa kidole kimoja, Kadzo akitazama pembeni, na barua ya Muange ikafunguka. Aprili mvua zikaanza, na kompyuta ikaandika kwa wino mwekundu: Neno la siri si sahihi.

"Rudia, mama, polepole."

Akarudia mara tatu. Wekundu ule ule.

"Basi huenda mwanao amelibadilisha," Kadzo akasema, akihudumia mteja mwingine.

"Amelibadilisha?"

"Anaweza. Sanduku ni lake pia."

Syovata alikaza leso kiunoni. Amenifungia mlango, akawaza, na jina la babake amelitupa. Akajaribu Jumanne mbili nyingine, zote za mvua, kisha akaacha kwenda. Jirani yake Ndulu alipomuuliza habari za Muange, alijibu, "Muange gani?"

Agosti, Kadzo alifika Mkongani mwenyewe, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Umevunja nini?"

Kadzo akaeleza. Ukurasa wa kuingilia aliutunga yeye. Mtu akibonyeza "Ingia", ukurasa hausogei; ombi linapita kwa nyuma, kwenye fremu iliyofichwa, kidirisha kisichoonekana, linafuata waya wa simu hadi kompyuta kuu ya Mombasa. Mombasa ikijibu ndiyo, sanduku linafunguka. Jibu lolote jingine, Kadzo alikuwa ameliandikia maneno yale mekundu. Wala hakufikiria kwamba kuna siku jibu halitakuja kabisa. Mvua ikinyesha laini hukatika, Mombasa inakuwa kimya, na ukurasa, ukihesabu kimya kuwa hapana, unamlaumu mtu. Jana ulimkatalia Kadzo neno lake mwenyewe, ndipo akashtuka.

"Kwa hivyo hakulibadilisha."

"Neno lako halikufika hata kusomwa, mama."

"Na wewe ukanijibu kama shahidi aliyeona."

"Twende Kwale sasa hivi, mama," Kadzo akasema.

Walipanda Kwale siku ile ile. Neno likakubaliwa mara moja. Ndani mlikuwa na barua tano, na ya mwisho ilikuwa ya katikati ya Juni.

"Mama, hii ni ya tano bila jibu. Nilidhani hasira zako zitapoa. Mkataba wangu unaisha Ijumaa, na nimepata kazi ya kupika melini. Sijui kama huko nitapata mtandao, na anwani sina. Ukiniambia neno moja tu kabla ya Ijumaa, nitarudi nyumbani kwanza. Ukinyamaza, nitajua ulimaanisha yale uliyosema. Sitakusumbua tena."

Syovata aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza, akarudia tarehe kwa kidole. Kisha akaandika, herufi moja moja: Rudi. Akabonyeza.

Kadzo aliutengeneza ukurasa. Sasa neno baya lina jibu lake, na kimya cha Mombasa kina jibu lake: Hatujapata jibu, ngoja kidogo ujaribu tena.

Jumanne iliyofuata Syovata alikuwa mlangoni kabla duka halijafunguliwa. Sanduku likafunguka papo hapo. Hapakuwa na barua mpya. Hata ile yake, iliyomngoja Muange humo ndani, haikuwa imefunguliwa.

"Ni laini tena," Syovata akasema. "Eti, Kadzo? Ni laini."

Kadzo akaufungua ukurasa upya, ukaja mara moja.

"Hapana, mama," akasema. "Laini leo ni nzima."