Mpira Usiosuguliwa

Katika mji wa Tallow Springs, Alabama, hakuna aliyeijua mikono ya warushaji kumshinda Thurman Ogletree, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kurusha mpira uwanjani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa stoo ya vifaa ya chuo, chini ya jukwaa la mashariki, kati ya mashine za kufulia jezi na rafu za kofia ngumu. Alikaa humo miaka thelathini na minane. Makocha tisa walikuja wakafukuzwa, wengine kwa haki, wengine kwa sababu tajiri fulani anayeifadhili timu aliamka vibaya, na Thurman akabaki pale pale akifua.

Lakini jina hakulipata kwa kufua. Alilipata kwa kusugua mipira. Mpira mpya wa futiboli ya Kimarekani, ule wa ngozi wenye ncha mbili, hutoka kiwandani ukiwa unateleza kama kipande cha sabuni, na mrushaji hawezi kuushika sawasawa. Kwa hiyo kila chuo kina mtu wake wa kuupangusa, kuupiga brashi, kuupaka tope, kuuacha ukauke, kisha kuupiga brashi tena mpaka ngozi ikubali kushikika. Thurman alitengeneza kumi na miwili kila wiki, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio ikiimba nyimbo za injili na mfuko wa karanga za kuchemsha ukiwa karibu na goti lake. Wakati mwingine alizungumza na mipira hiyo, na waliomjua walimwacha azungumze.

Tavion Mabry alipofika chuoni akiwa na miaka kumi na minane, Thurman alimpa mkono akajua papo hapo kwamba kijana ana kasoro. Bega lilikuwa la ajabu, macho mepesi, miguu haitulii, lakini kiganja kilikuwa kifupi. Mrushaji ndiye anayeushika mpira kila timu inaposhambulia, na kiganja kifupi kwa mrushaji ni kama meno machache kwa mtu anayependa mahindi ya kuchoma. Thurman hakumwambia mtu. Kijana alikuwa na adabu, alilelewa na mama peke yake, na kila asubuhi alipita stoo kumwamkia mzee kabla hajaenda kwa kocha. Thurman hakuwa na mtoto. Alimpenda, basi, na hapo hakuna la kueleza.

Kwa hiyo mipira ya Tavion aliisugua siku mbili badala ya moja. Aliiongezea tope, akailaza karibu na mashine ya kukaushia, akairudia brashi mpaka ngozi ikanata kiganjani kama maandazi ya moto. Sheria haikukataza. Miaka miwili Tavion alikaa benchi akijifunza, na wa tatu alipopewa timu, alicheza mechi kumi na nne, akashinda kumi na moja. Magazeti yaliandika juu ya mshiko wake. Thurman alizikata habari hizo akazibandika ndani ya mlango wa kabati.

Mwezi wa Januari ikaja barua. Mchezaji aliyemaliza miaka mitatu tangu atoke sekondari anaruhusiwa kuingia kwenye uteuzi wa ligi ya kulipwa, ambako timu huchagua vijana kwa raundi na wa mwanzo hulipwa zaidi, bila kumaliza chuo, na ligi ina kamati ya kumpima. Majibu yake ni matatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au baki chuoni. Anayeambiwa ya kwanza hupakia mizigo. Anayeambiwa abaki hununua vitabu. Tavion aliambiwa ya pili, jibu linalomnyima mtu usingizi, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa.

Mji mzima ukageuka kamati. Watu wasioweza kuchagua rangi ya mlango wao bila kumuuliza mke walijua hasa kijana wa watu afanye nini.

"Haraka haraka haina baraka," alisema kinyozi wa barabara kuu. "Mechi kumi na nne ni nini? Kule wanataka mtu aliyecheza thelathini."

"Na ngojangoja je?" alijibu mteja aliyekuwa chini ya wembe. "Huumiza matumbo. We kaliambie goti lake lisubiri mwaka mwingine, uone kama litakusikia."

Wote wawili walikuwa sahihi, na Thurman aliyekuwa akingoja zamu yake alilijua hilo vizuri. Alimsugulia mipira Corey Lassiter, aliyeondoka mapema baada ya msimu mmoja mtamu, na baada ya miaka miwili akarudi kuuza matairi kule Dothan. Alimsugulia pia Wendell Gaines, aliyebaki kwa sababu kila mtu alimwambia abaki, goti likakatika mechi ya tatu na hakuteuliwa na yeyote. Thurman alinyolewa, akalipa, akaondoka.

Jumatano asubuhi Tavion akaingia stoo na mama yake, Rochelle, mwanamke mfupi anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mwenye ulimi unaoweza kukata bamia.

"Mzee Thurman," alisema Rochelle, "huyu mwanao ana wakala anayempigia mara sita kwa siku, na ana kocha anayelia kama mke aliyeachwa. Wote wanataka kitu. Nimemwambia tutafute mtu asiyetaka kitu."

"Na mkaja kwangu?"

"Wewe unataka karanga tu, na hizo unazo."

Tavion alicheka kidogo. Alionekana amechoka. "Mzee, niambie ukweli. Mama anasimama saa kumi na mbili kwa siku, na miguu yake imeanza kuvimba. Nikienda sasa, anakaa chini mwaka huu. Nikibaki, labda napanda raundi ya kwanza, labda naumia. Wewe umewaona wote. Niende?"

Thurman alitazama mlango wa kabati. Angeweza kusema nenda, na yale aliyoyajua angekufa nayo. Angeweza kusema baki, na watu wangemwita mwenye hekima. Moyo ulimuuma kwa sababu alijua jibu halikuwa kwenye barua bali kwenye ndoo yake ya tope, na kulitoa ilikuwa lazima ajiumbue. Aliinuka, akachukua boksi la kiwandani ambalo halijafunguliwa, na kapu la mipira iliyobaki msimu ule.

"Njooni nje," alisema. "Kunanyesha, ni vizuri zaidi."

Uwanjani palikuwa na wavu wenye tundu la kulengea, hatua ishirini na tano mbele. Alimpa Tavion mipira kumi ya kapuni. Tisa ilipita tunduni, na wa kumi uligonga ukingo. Kisha akalipasua boksi. Mpira wa kwanza mpya ulimponyoka kijana kabla mkono haujafika mbele. Wa pili ulikwenda ukiyumba kama bata aliyepigwa jiwe. Aliikausha mikono kwenye suruali, akavuta pumzi, akarusha yote kumi. Mitatu ikapita.

"Hii ni mipira mibovu," alisema Tavion.

"Hii ndiyo mipira," alisema Thurman. "Ile mingine ndiyo mibovu. Niliiharibu mimi."

Akawaambia yote akiwa amesimama kwenye mvua, kofia mkononi: kiganja, siku mbili badala ya moja, tope, joto la mashine. "Kwenye majaribio ya ligi watakupa mpira wao. Haujasuguliwa na mtu anayekupenda. Niliona umepungukiwa kitu, nikakufichia badala ya kukufundisha. Nimekudhulumu, mwanangu, na nilidhani nakutendea wema."

Tavion aliokota mpira mmoja mpya. "Kwa hiyo zile mechi kumi na moja ni zako."

"Bega si langu. Macho si yangu. Mshiko tu ndio wangu."

"Miaka mitatu, mzee. Kila asubuhi nakuja kukusalimia, na wewe unajua." Alitupa mpira chini akaondoka bila kugeuka, na Thurman akaona afadhali angepigwa.

Rochelle hakumfuata mtoto wake. Aliinama akaokota mipira mmoja mmoja na kuirudisha kwenye boksi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema mwishowe. "Mimi mpaka leo namkatia nyama yake akija nyumbani. Usijipige sana. Unastaafu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Basi utastaafu mwaka kesho, ukishamfundisha."

"Na miguu yako?"

"Miguu yangu inanijua. Sitaki mwanangu apewe kiti na mtu, halafu kivutwe akiwa anakaa."

Ijumaa ilipita, na jina la Tavion halikuwa kwenye orodha. Kocha alijisifu kwenye televisheni kwamba yeye ndiye aliyemshawishi, na Thurman akazima redio yake ya injili ili acheke vizuri. Kijana hakukanyaga stoo siku kumi na saba; mzee alizihesabu. Siku ya kumi na nane aliingia, akamwamkia kama zamani, akasimama mbele ya rafu.

"Nipe boksi," alisema. "Na usiguse kitu."

Ikawa hivyo kila asubuhi, majira ya baridi hadi joto la Agosti linalofanya lami inate kwenye viatu. Alibadili namna ya kushika, akapeleka kidole cha shahada nyuma zaidi. Alikamua mpira wa tenisi darasani mpaka mwalimu wa takwimu akamtoa nje. Mitatu kati ya kumi ikawa minne, ikabaki minne kwa majuma mengi ya kukatisha tamaa, kisha ikawa sita. Thurman aliketi juu ya ndoo yake kando ya uwanja, mikono haina kazi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kila mpira ulipoponyoka vidole vyake vilicheza vyenyewe vikitafuta brashi. Alivikalia.

Wiki moja kabla ya mechi ya ufunguzi ilinyesha tena. Rochelle alikuwa na siku ya mapumziko, akaja na mwavuli na kambare wa kukaanga kwenye karatasi, akaketi karibu na mzee. Tavion alifungua boksi jipya akaanza. Wa kwanza ukapita tunduni, na wa pili, na wa tatu. Mmoja tu uliteleza, wa saba. Wa mwisho alisita nao, akaugeuza mkononi, akamtazama mzee kwa jicho la polisi.

"Mzee, sema ukweli. Huu umeusugua."

"Mimi?" Thurman alimwonyesha viganja vyake, vyeupe kwa chumvi ya karanga. "Muulize mama yako."

"Hajagusa," alisema Rochelle. "Nimemlinda."

Tavion aliurusha, na ukapita katikati ya tundu bila kutikisa wavu. Thurman alijifuta macho na kusingizia mvua. Kijana alikwenda akauokota mpira ule, akarudi nao, akamwekea mzee mapajani.

"Kesho," alisema, "uitumbukize mipira yote kwanza kwenye ndoo ya maji, iteleze zaidi."