Fundi Tamim na mguu wa Ruqaya

Saa tatu asubuhi, kumi la mwisho la Ramadhani. Kwenye baraza moja ya Mkunazini, Mji Mkongwe, Tamim Zahran amebana tairi dogo baina ya magoti. Analibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha unazama kidogo, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Laini. Hili la vichochoroni,” anasema.

Tamim, 41, ni fundi wa makubadhi, vile viatu vya wazi vya ngozi, kazi aliyofundishwa na baba yake. Lakini huu ni mwaka 2005, na vijana wa leo makubadhi wanayavaa kwenye harusi tu. Riziki yake kubwa sasa inatoka kwenye viatu vya matairi, ile aina yenye matairi yaliyopangwa mstari mmoja chini ya buti. Vinakuja ndani ya marobota ya mitumba, kimoja hakina breki, kingine hakina mwenzake. Yeye hununua vipande, akaunga.

Siku njema hupata shilingi elfu nane. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya gundi, basi.

Mteja wa kwanza leo ni Mcha, kijana anayepeleka magazeti madukani. Hata salamu hajaimaliza, kidole kishaelekea kwenye jozi nyekundu yenye matairi matano kila mguu.

“N'nataka hivyo, fundi.”

“Unapita wapi na magazeti yako?”

“Si unajua? Kiponda, Malindi, Shangani, kote.”

“Matairi matano na kona za Kiponda? Yakhe, utazimaliza kuta za watu!”

Mcha anacheka, lakini macho hayabanduki kwenye ile jozi. Tamim anampa somo. Fremu, yaani kile chuma kinachoshika matairi, ikiwa ndefu kama ya matairi matano, hukimbia vizuri kwenye lami iliyonyooka, ila kukata kona haitaki. Na buti la mbio ni fupi, halishiki kifundo cha mguu. Wa vichochoroni anataka buti refu, gumu, fremu fupi, na matairi laini yanayomeza mawe. Anayecheza kwenye sakafu ya saruji ndiye wa matairi magumu, maana laini humvuta nyuma.

“Kwanza uliza njia, kisha uliza mguu. Rangi mwisho,” anasema. “Watu wote wanaanza na rangi!”

Mcha anaondoka na jozi ya kijivu, kanuna nusu. Fundi angeweza kumuuzia ile nyekundu na asilaumiwe na mtu. Kwa nini hakumuuzia?

“Mimi nshakosea,” anajibu, sauti imeshuka. “Na niliyemkosea ni mwanangu.”

Kisiwani hapa, kiatu cha Idd cha mtoto hununuliwa kikubwa. Namba moja zaidi, au mbili, pamba ikajazwa mbele ya vidole, kiatu kikamngojea mtoto hadi Idd nyengine. Nani hakulelewa hivyo? Mwaka jana Tamim alimchagulia bintiye Ruqaya, mwenye miaka kumi na moja, viatu vya matairi vilivyomzidi namba mbili. Akatia pamba, akafunga kamba, akaona kamaliza kazi.

Idd pili, barabara ya Mizingani, mbele ya binamu zake wote, Ruqaya alikata kona. Buti likageuka, mguu ndani yake haukugeuka. Kifundo kikavunjika. Akakaa na plasta wiki sita.

“Kubadhi likikuzidi unaburura tu, hapana neno,” anasema Tamim. “Buti la matairi likikuzidi, mguu huku, tairi kule. Mimi fundi! Nalijua hilo kwa wateja, kwangu nikalisahau.”

Mfupa uliunga zamani. Kinachomuuma ni kwamba tangu siku ile Ruqaya hajavaa tena viatu hivyo, na akitoka skuli huzungukia mtaa wa pili asipite mbele ya baraza ya baba yake. Mkewe, Bi Reem, humwambia amuache, moyo wa mtoto haukazwi kwa skurubu. Anamuacha. Lakini mwaka mzima sasa, ikifika saa saba, jicho lake liko njiani.

Juu ya meza yake ipo ngozi ya makubadhi, nene, imeshapakwa mafuta. Anataka kushona buti la Ruqaya kwa mkono wake. Fremu fupi ipo, matairi manne laini yapo. Kipimo hana.

“Naona haya kumuomba mguu,” anasema, na machozi yanamlengalenga.

Saa saba na robo, msichana mwenye mtandio mweupe wa skuli anasimama mbele ya baraza. Tamim anaiangusha nyundo.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama kasema unanishonea viatu.”

“N'nataka kushona. Kipimo ndiyo sina.”

“Mbona hukuniuliza?”

Tamim anatandaza karatasi sakafuni. Ruqaya anavua kiatu, anavua na soksi, anaweka mguu juu ya karatasi. Baba yake anapiga magoti na kuuzungusha kwa penseli taratibu, kwenye kifundo akitaka ruhusa kwanza. Kidole cha mwisho anakipima mara mbili.

“Safari hii vya kukutosha hasa,” anamwambia. “Mwakani ukikua, nitashona vyengine.”

Mpango wake ni kumaliza kabla ya mwezi kuandama. Idd mosi, asubuhi mapema, watu hawajajaa, atampeleka Mnazi Mmoja palipo na sakafu ya saruji; matairi laini yatamvuta nyuma, asiende kasi.

Ruqaya anaitazama alama ya mguu wake karatasini.

“Utanishika mkono?”

“Nitakushika mpaka mwenyewe useme n'achie.”

“Sitosema,” anajibu Ruqaya, na anakaa barazani karibu na baba yake.