Sakafu ya plastiki, makaa ya uzazi na mikono ya mama yangu

Wakuu, assalamu alaikum. Mlio wadogo kwangu, na humu ni karibu nyote, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika.

Naona mnabishana kuhusu vinyl, hii sakafu ya plastiki: inadumu? Ni salama nyumbani? Mimi ninalo la kusema, na chumvi sitii hata punje.

Miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni, nilikuwa mke mchanga hapa Msambweni. Mume wangu Salimu alikuwa fundi kwenye ujenzi wa hoteli moja kule Diani. Siku moja akaja na kipande cha sakafu ya plastiki kilichobaki, amekikunja kama jamvi. Chekundu, kinang'aa.

Akakibandika chumbani kwetu, juu ya sakafu ya chokaa, kwa gundi kali.

Lo! Mngeona wenyewe. Maji yakimwagika, unapangusa tu, basi. Watu walikuja hadi kutoka Bongwe kutazama. Wanavua viatu mlangoni, wanakanyaga kwa ncha za vidole. Mimi nilivimba kichwa, sifichi.

Kisha nikajifungua mtoto wa kike. Salimu yuko kazini Diani, mama yangu akaja kunitunza.

Kwetu mzazi hufukizwa. Unalala kitanda cha kamba, chini yake kunawekwa chetezo cha makaa, mlango na dirisha vinafungwa upepo usikupate. Mama aliwafanyia hivyo dada zangu wote. Chokaa haijali moto. Kwamba hii haikuwa chokaa tena, hakuna aliyefikiria, si yeye si mimi.

Siku ya tatu, asubuhi, kaa moja likadondoka.

Moto sikuuona. Niliona moshi mweusi, mzito, unakwaruza koo, harufu yake sijapata kuinusa. Nikadhani mama ametia dawa mpya!

Mtoto alikuwa analia. Akanyamaza.

Mama akaingia. Chetezo kilikuwa kimezama kwenye plastiki iliyoyeyuka, akaking'oa kwa mikono mitupu, akakitupa uani. Plastiki ikamganda viganjani. Kwa mikono hiyo hiyo akamtoa mwanangu nje, nami nikijikokota nyuma yao. Siku saba za mzazi na mtoto kukaa ndani hazijatimia, mila akaiweka kando.

"Lia, mama, lia!" anamwambia. "Lia!"

Wallahi, kilio kile kilipotoka, nililia kumshinda yeye.

Ijumaa Salimu akafika. Mama alimpokea mlangoni, viganja vimepakwa asali na kufungwa matambara. Hata kabla hajaulizwa hali, akasema:

"Mwanangu, niwie radhi. Nimekuharibia sakafu yako."

Salimu akaitazama ile mikono, akamtazama mtoto, akaingia ndani na panga. Alibandua mpaka magharibi, huku machozi yanamtoka. Iling'ang'ania kweli kweli.

Kwa hiyo wakuu, kudumu inadumu. Usalama ni juu yenu: jiko, makaa na chetezo visikae juu yake, na madirisha myafungue.

Tangu siku hiyo nimekanyaga sakafu nyingi zinazong'aa. Hakuna iliyonistaajabisha kama mama yule, kuomba radhi kwa ajili ya plastiki, na ngozi ya viganja vyake imebaki humo.

Wewe ungekuwa Salimu, ungemjibu nini? Comment hapo chini, nazisoma zote mwenyewe, miwani ninayo.