Kiti Alichopewa Babu na Mbelgiji

Baba alipofariki, kaka zangu waligawana shamba la kahawa la Kyarumba, mimi nikapewa kiti cha babu. Sikunung'unika. Nyumbani kwetu kiti hicho kiliheshimiwa kuliko watu. Mtoto hakuruhusiwa kukikalia. Padri akija, alikalishwa hapo, na sisi tukapiga magoti mbele yake, pua zikikaribia kugusa mto wa kiti.

Tuliambiwa kuwa ni zawadi ya Mbelgiji mmoja aliyelima kahawa upande wa Kongo. Umri wa kiti hakuna aliyeujua. Mwaka jana miguu yake ilipoanza kulegea, nilikipakia kwenye pikapu kutoka Kasese hadi Bwera, kwa seremala mzee aliyekimbia vita huko Beni, Kongo.

Alikipindua, akakwaruza mbao kwa ukucha.

"Mama, hii ni libuyu, muti ya Kongo. Na angalia." Akanionyesha skrubu. "Mufereji ya kichwa yake haiko katikati. Mutu alikata na mukono, hapana mashini. Hii kiti inanipita miaka."

Naye alishavuka sabini. Nikafurahi.

Kisha akabandua ubao wa kukalia. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo, kingo zake laini, na chini zaidi vijiti viwili vya kutelezeshea kitu. Mbao pale zilikuwa nyeusi. Harufu ya mkojo mkavu ikapanda, kali kama ya zizi la mbuzi.

"Iko choo," fundi akasema taratibu. "Ndoo ilikuwa inaingia hapa. Kwa mugonjwa."

Nilikumbuka nilivyougua surua, baba akanilaza shavu langu juu ya kiti kile ili nipone. Nikazunguka nyuma ya karakana, nikatapika.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi hapo hapo Bwera. Nilikwenda kwake moja kwa moja.

"Shangazi, ulijua kile kiti ni choo?"

Aliendelea kuchambua maharage. "Nilijua, mwanangu. Yule mzungu alipooza miguu. Babu yako alimwaga ndoo yake miaka mitatu. Siku ya kurudi kwao, mzungu akamwambia, chukua kiti, umeshakizoea."

"Na mshahara wake?"

"Ndio huo."

"Mbona mlituficha?"

"Babu yako alipigilia ubao mwenyewe, akashona mto, akatuita, akasema tumepewa zawadi. Wewe ungemwambia nini?"

Nilirudi kwa fundi. Harufu ningeweza kuivumilia. Lile neno, umeshakizoea, hapana.

Fundi alitaka kuziokoa mbao. Nilikataa. Alikipasua kwa shoka, tukakichoma kwenye rundo la maranda, na mkewe alipotaka vipande vichache viwe kuni nikamwomba asivipikie.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu kunikaripia: nimechoma heshima ya babu. Nikamweleza yote, hata ndoo. Akasema tusiwaambie watoto.

Wangu nilikuwa nimeshawaambia.