Masizi Ghubani

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Ilemela, sufuria yenye masizi haikuoshwa ziwani. Ulichota maji kwa ndoo, ukapanda nayo hadi kwenye mawe ya juu, ukasugulia huko kwa mchanga. Bibi, mama yake baba, alisema ziwa lina wenyewe, na wenyewe hawapendi masizi; ukiwachafulia, samaki wanahama. Tuliamini sana, ila tulikuwa wavivu.

Siku moja mchana, nikiwa na miaka tisa, niliona taabu kupanda. Nikaangalia kushoto na kulia, nikaitumbukiza sufuria ya ugali majini. Weusi ukasambaa, nikaufukuza kwa mikono hadi ukapotea. Nikacheka peke yangu, mjinga mimi.

Wiki haikuisha, nyavu za nyumbani zikaanza kurudi tupu. Ghuba yetu ndogo, ambamo sato walikuwa wakizaliana kwenye matete, ikawa maji matupu. Bibi akatukusanya wote uani.

"Nani ameosha masizi ziwani?"

Nilificha mikono mgongoni. Lakini Bibi hakunitazama mimi. Alimtazama Kabula, mke wa baba mdogo, aliyeolewa miezi michache tu nyuma kutoka kwa wafugaji, mbali na ziwa.

"Mgeni hajui miiko," Bibi akasema.

"Mama, samaki hawakufukuzwa na masizi. Na wewe unajua," Kabula akajibu.

"Nyamaza!" Baba alifoka.

Siku ya pili yake Kabula alirudishwa kwao, furushi kichwani. Alipopita mlangoni alinipungia mkono. Mimi! Nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Tangu hapo sina raha. Nimekua nikiona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Pale Igogo, mjini Mwanza, naona mfereji ukimwaga uchafu ziwani mchana kweupe, chupa na vinyesi, nami nawaza sufuria yangu. Serikali inafunga uvuvi, inafungua, inachoma nyavu haramu, na mimi, mtu mzima na akili zangu, bado nawaza sufuria yangu.

Mwaka jana nikashindwa kuvumilia. Nikapanda kivuko hadi Sengerema, alikoolewa tena Kabula.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nilimwambia kabla sijakaa. Akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga.

"Masizi! Baba yako alikuwa anavuta kokoro palepale kwenye mazalia, wavu ule wa matundu madogo unaozoa hadi vifaranga. Nililiona, nikamwambia bibi yako. Basi wakanitafutia kosa."

"Kumbe Bibi alijua?"

"Alijua. Mwana ni mwana." Kisha akaacha kucheka. "Ila ungesema wewe siku ile, wangekosa pa kunishikia."

Nilirudi Mwanza nimesimama kivukoni njia nzima, sikuweza kukaa.

Mwezi uliopita watu wa doria walikuta kokoro limefichwa kwenye matete ya ghuba ileile. Wakauliza ni la nani. Majirani zangu wote wakanyoosha kidole kwenye kambi ya wavuvi waliohamia juzi.

"Wageni hao. Hawana adabu na ziwa."

Kokoro lilikuwa la kaka yangu, tumbo moja, na alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema.

Lilichomwa palepale ufukweni. Kaka hanisalimii hadi leo, na sato hawajarudi. Sufuria zangu bado nasugulia juu kwenye mawe. Mwiko wa Bibi ulikuwa na maana yake. Ungewabana na wenye nyumba, si wageni tu, huenda tungekuwa na samaki.

Jioni ile kokoro lilipochomwa, mwanamke mmoja wa kule kambini, nisiyemjua hata jina, alinipungia mkono kwa mbali. Nilitaka kukimbilia ndani. Nikainua wangu.