Bagula Anatafuta Kisiwa

Mume wangu Bagula ana mke wa pili, na mke huyo ni maji. Nasema hivi mbele ya watu na yeye anacheka, kwa sababu anajua si uongo. Mimi Kanyana nimezaliwa juu milimani, upande wa Minembwe huko Kongo, kwenye majani na ukungu na ng'ombe. Kwetu maji ni ya kunywa na ya kupikia. Yakizidi hapo, ni ya kuvuka kwa tahadhari. Bagula ni wa kabila la Washi, Mushi wa Bukavu, mtoto wa mtaa wa Nguba, aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Kivu. Jinsi mtu wa mlima na mtu wa ziwa walivyokutana kambini Uganda wakaoana, hiyo ni habari nyingine. Leo nataka kusema juu ya kisiwa.

Tunaishi Amerika, Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus, ghorofa ya pili, karibu na barabara kubwa ambako usipokuwa na gari wewe ni mfungwa. Bagula anapakia maboksi kwenye ghala, kazi ya kusimama mpaka miguu inavimba. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani angetaka kitanda. Yeye anajaza bafu maji, anazamisha kichwa, na mimi nikipita mlangoni naona mgongo tu. Mara ya kwanza nilipiga kelele nikidhani amekufa. Alipoinua uso alikuwa kama mtu aliyekatizwa ndoto nzuri.

"Mama Patricia," akaniambia, "mule ndani hakuna kelele. Ni kama Nguba."

Nikamwambia Nguba haina sabuni ya maua. Lakini moyoni nilimwonea huruma, kwa sababu kiu naijua. Kuna asubuhi nikiwa kituo cha mafuta nasikia harufu ya majani yaliyokatwa, na nabaki nimeshika mpira wa petroli mpaka wa nyuma yangu anapiga honi.

Kwao walizaliwa watatu. Masumbuko ndiye kaka mkubwa, yaya wao kama wanavyomwita, kisha Bagula, kisha Adolphine, binti wa mwisho. Kila Jumapili baada ya misa walikuwa wanashuka ziwani, na Masumbuko ndiye aliyewafundisha wawili wale kuzama macho wazi. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa chini mpaka akina mama waliofua nguo ukingoni wanaanza kulia, ndipo anatokea mbali kabisa, anacheka. Vita vilipoingia mjini vikawatawanya. Walikuja kupatana tena kambini, lakini kila mmoja alikuwa na faili lake, na faili haliulizi nani alinyonya ziwa moja na nani. Masumbuko akapelekwa Buffalo, Adolphine akapelekwa Louisville, sisi tukaletwa Columbus.

Tangu tufike Amerika wameonana, ndiyo. Wameonana kwenye harusi na kwenye matanga, katikati ya watu mia mbili, wakipigiana kelele juu ya muziki au juu ya kilio. Ndani ya maji pamoja hawajaingia tena. Hilo ndilo Bagula alilokuwa analitaka, na alilitaka kwa namna ambayo ilinitia wivu.

Siku moja mwenzake wa kazini alimwonyesha kwenye simu video ya watu wanaopumua chini ya bahari, mtungi wa hewa mgongoni, samaki wanawapita usoni. Basi, mwanamume akachanganyikiwa. Akajiandikisha kwa mwalimu wa kuzama, akajifunza kwenye bwawa la kuogelea huko Reynoldsburg, halafu wakampeleka kumaliza mafunzo kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji. Mule chini, aliniambia, wamezamisha basi zima la shule, kusudi wanafunzi wapate kitu cha kutazama.

"Ulienda kutazama basi?"

"Sikuiona. Mayi iko chafu, tena baridi! Lakini nilipumua, Mama Patricia. Nilipumua kule chini."

Alirudi midomo imekuwa ya bluu na furaha ya bwana harusi. Siku hiyohiyo akatuma ujumbe wa sauti kwa ndugu zake: kila mmoja ajifunze mjini kwake, na mwaka ujao watatu wote wataingia bahari ya Karibi, maji ya moto, maji masafi, chini, pamoja. Adolphine alijibu kwa vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Yeye analea wazee huko Louisville na alisema amechoka kuogesha wengine, sasa anataka kuoga mwenyewe. Masumbuko alichelewa kidogo kujibu. Kisha sauti yake nzito ikaja: "Bon. Haina shida. Nitakuya."

Sasa tafuta kisiwa, kama unadhani ni rahisi. Kila Jumapili baada ya ibada simu ililazwa katikati ya meza, kati ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndugu watatu wakagombana kutoka miji mitatu. Adolphine alitaka kisiwa cha Honduras, amesikia kule kuzama ni bei ya kuku. Bagula alitaka Bonaire, kwa sababu pale unakodi mitungi, unaweka nyuma ya gari, unaingia baharini kutokea kando ya barabara bila kulipia boti kila mara. Masumbuko alisema yeye angependa Guadeloupe, kule angalau atagombana na watu kwa Kifaransa. Buffalo miaka yote hii hajapata wa kugombana naye vizuri. Mimi nilikuwa nasonga ugali tu, lakini masikio hayana pazia. Nilijua kwamba kinachokula pesa si chumba, ni ndege na boti. Nilijua kwamba nyumba yenye jiko, mbali na ufuko, ni afadhali kuliko hoteli. Nilijua kwamba miezi ya bei rahisi ni rahisi kwa sababu ya vimbunga. Mimi mtu wa ng'ombe, ningeweza kufungua ofisi ya safari.

Halafu yakaja mambo ya karatasi. Bagula amekwisha kuwa raia, lakini Masumbuko na Adolphine bado wana kadi ya ukaazi tu, na hati ya kusafiria ya mkimbizi ni karatasi ambayo kila mpaka unaitazama kama noti ya bandia. Huku viza, kule barua, kwingine hapana kabisa. Visiwa vilianguka kimoja baada ya kingine. Bagula aliacha kula. Nilimkuta amekaa mezani anatazama picha ya maji ya Bonaire jinsi mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani, na nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimemcheka.

Binti yetu Patricia ndiye aliyetuokoa, tena bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema kwa Kiingereza chake cha puani kwamba kisiwa cha Saint Croix, hukohuko Karibi, ni ardhi ya Amerika, baba, hamhitaji pasipoti. Masumbuko akauliza polepole kwenye simu, "Sainte-Croix? Msalaba Mutakatifu?" Na jina hilo likatusaidia hata kanisani. Kwa maana nilikuwa nimefanya kosa la kuomba maombi ya safari kwenye kikundi cha akina mama, na Mama Gloire, kiongozi wetu, akasimamisha maombi katikati.

"Chini ya mayi? Mama Patricia, chini ya mayi hakuna likizo! Kule kuko mamba-muntu, ule mwanamuke mwenye mukia ya samaki. Benye banaendaka kule banarudi na makuta mingi na roho imebaki."

Nikamjibu kwamba Bagula akirudi na pesa nyingi hizo nitamleta kanisani atoe zaka. Hawakucheka. Wakaja nyumbani, wakamwekea Bagula mikono kichwani, yeye amepiga magoti na miwani yake ya maji iko mezani. Ila Mama Gloire aliposikia jina la kisiwa alitulia. Alisema mahali penye jina lile shetani hawezi kupanga nyumba.

Hivyo tukalipa. Na katika kulipa na kufurahi huko, kulikuwa na jambo moja nililiona nikalinyamazia. Kila Jumapili Bagula alimuuliza kaka yake, "Yaya, masomo inaendelea?" Naye Masumbuko alijibu, "Inaendelea." Basi. Adolphine alieleza mpaka rangi ya bwawa lake la Louisville, Masumbuko hakueleza kitu. Nilimwambia Bagula amuulize ni bwawa gani, ni mwalimu gani. Alinitazama kana kwamba nimemwambia amvue kaka yake nguo barabarani. Kwao mkubwa anaulizwa mara moja. Ukimuuliza mara ya pili umemwita mwongo. Na kwa kuwa kwetu milimani ni vilevile, nikarudi kusonga ugali wangu.

Tulisafiri mwezi wa tano. Patricia tulimwacha kwa Mama Gloire, na mimi nilikwenda kumlinda mume wangu asije akaolewa na mamba-muntu kweli. Nilibeba unga wa muhogo kwenye sanduku. Masumbuko alitua kutoka Buffalo na koti la baridi mkononi, kwa sababu kwao lile koti halivuliwi mpaka mtu ahakikishe. Nilipowaona watatu wale wamesimama nje ya uwanja wa ndege, hakuna maiti, hakuna bibi harusi, wamekuja kuonana tu, nilisahau hasira zangu zote juu ya bei ya tikiti.

Asubuhi tukaenda kwenye gati la mji wa Frederiksted. Ni gati refu linaloingia baharini, na watu wanazama kati ya nguzo zake, kwa maana nguzo zimevaa matumbawe, na huko kuna visamaki vyenye kichwa cha farasi. Maji yalikuwa masafi hata mimi niliona chini. Bagula alikuwa anafunga mikanda ya Adolphine, anaifungua, anaifunga tena.

Mwalimu, mama mmoja wa kisiwani mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa, alipita akimuuliza kila mmoja habari ya masikio. Alieleza kwamba ukishuka maji yanasukuma masikio, na mwenye sikio bovu hashuki. Adolphine akajibu yuko sawa. Masumbuko, ambaye Kiingereza chake ni cha kiwandani tu, akamgeukia Bagula amtafsirie.

Bagula akaiacha mikanda, akamtazama kaka yake. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Lakini mwalimu alikuwa anangoja.

"Yaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "anauliza kama masikio yako iko muzima."

Masumbuko alitazama bahari. "Moja iko. Ile ingine askari aliipasula na bunduki, siku tulikimbia. Docteur wa Buffalo alisema mayi isiguse mule, ata ya kuoga."

"Na masomo?"

"Sikuanza ata siku moja."

Adolphine akaketi chini na mtungi wake mgongoni. Bagula akavua miwani, akaitupa juu ya taulo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamsikia akimpandishia mkubwa wake sauti. "Tuliacha visiwa yote juu ya kutafuta kimoja cha kutuenea watatu! Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, mungekuya?"

Sote tulijua tungefanya nini. Tungempa pole kwa simu, kila mtu mjini kwake, tena pole ya heshima kabisa.

"Mungesema bon, tutaona mwaka ingine," Masumbuko akaendelea. "Na mwaka ingine tungeonana pa sanduku ya mufu. Sasa ingieni."

"Siingie," Bagula akasema. "Bila weye siingie."

"Miye ndiye mukubwa. Ingia."

Bagula alilia wazi, kamasi na yote, huku akivaa miwani. Mwalimu alitaka kujua kuna nini na nilimwambia ni mambo ya familia. Wakashuka ngazi, yeye na Adolphine wameshikana mikono, maji yakawafunika.

Masumbuko akaanza kutembea juu ya gati, taratibu, ameinama. Nikamfuata, mimi ninayeogopa hata beseni, nimeshika nyuma ya shati lake asije akaanguka tukawa na msiba mwingine. Juu ya maji kulikuwa na mapovu, mafungu mawili. Moja kubwa, la pupa, hilo nililijua. Lingine dogo, la utulivu. Mapovu yakisogea, anasogea. Yakisimama kwenye nguzo, anasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nataka kuingia, shemeji," akaniambia. "Nataka sana. Hii mwili yote inataka."

Nikamwambia pole. Akaitikia kwa kichwa, akapiga hatua moja zaidi, kwa kuwa wale wa chini walikuwa wamesonga mbele.

"Lakini uone," akasema, na akanyoosha kidole. "Bagula ule pale. Adolphine ule pale. Tangu siku tulikimbia, kila siku niko napiga simu, nauliza: muko wapi? Leo sijauliza."