Chungu Kinachotoa Jasho

Mama alikuja kwangu Ishiara na begi moja, akaliweka kando ya mlango na akakataa kulifungua. Juu yake alikunja leso yake ya zambarau, ile ambayo hajawahi kupanda gari bila kujifunga. Akihitaji kitu, aliingiza mkono kwenye zipu na kukichomoa, kama mtu anayejiibia mwenyewe. "Mimi ni mgeni," alisema. "Mgeni hatundiki nguo kwa watu."

Nilimtoa Kibugu kwa ugomvi. Tangu Baba atuache, alikuwa akiishi peke yake katika ile nyumba iliyozungukwa na majani chai, naye ana ugonjwa wa sukari na anajidunga insulini. Asubuhi moja sukari ilimshuka akaanguka jikoni. Bahati tu kwamba jirani aliyekuwa akienda kuchuma chai alisikia sufuria ikianguka. Nikasema basi, imetosha, unakuja kukaa na mimi. Akasema sawa, lakini dawa yangu ikishindwa na hilo joto lenu, unanirudisha kwangu. Tukakubaliana hivyo, na mama yangu hatanii. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala vibaya, nikimwona tena pale sakafuni, safari hii bila mtu wa kumsikia.

Kibugu dawa hukaa dirishani ndani ya kikombe, na baridi ya msituni huilinda bure. Ishiara ni habari nyingine. Mchana mabati yanalia, na mshumaa unalegea na kuinama kwenye kisahani bila mtu kuuwasha. Dukani ninakouzia ndengu nina friji ndogo, lakini stima hupotea inavyotaka. Mwenye duka la dawa ana jenereta, akakubali kututunzia chupa zisizofunguliwa. Ile inayotumika, akasema, haitaki barafu, wala isigande kabisa. Itafutiwe tu mahali pasipo na joto. Akanishauri ninunue vyungu viwili vya udongo, kidogo kikae ndani ya kikubwa, katikati nijaze mchanga, mchanga niumwagilie maji, na juu nifunike kwa kitambaa kilicholowa.

Nikavinunua sokoni, nikamwachia Mama avioshe, nikarudi dukani. Jioni tukavipanga, na kwa kuwa naye alikuwa na wasiwasi, tukaweka kwanza chupa ya maji ya kunywa kama jaribio. Kesho yake mchana nikayaonja. Woi! Yalikuwa maji ya kuogea mtoto.

"Umeona?" Mama akasema, akaliangalia begi lake. "Kesho asubuhi."

Nilikasirika kweli. Nilimkasirikia mwenye duka la dawa, nikawakasirikia wauza vyungu wote wa dunia hii, na jua nikalitukana waziwazi barabarani. Nikaingia hoteli ya jirani kutuliza koo. Pale pembeni wana mtungi wa maji, na nilipouegemea mkono wangu ulilowa. Mtungi mzima ulikuwa umelowa kwa nje, na baridi yake ikanipanda hadi kwenye kiwiko. Nikaacha hata kikombe nilichoagiza, nikakimbia nyumbani.

Chungu chetu kilikuwa kikavu kwa nje. Kikavu, na kinang'aa. Nikakinusa.

"Mama, hivi vyungu ulivifanya nini?"

"Nilivipikia uji, si ndivyo inavyofanywa? Au ulitaka vivuje?"

Kwetu, chungu kipya hakiendi jikoni kabla ya kuchemshiwa uji mwepesi, ule unaoziba matundu madogo madogo ya udongo. Mama alikuwa amewasha moto katikati ya joto lile, akavipikia vyote viwili, kimoja baada ya kingine, bila kuniambia.

"Mama, sisi tunataka kivuje!"

"Ngai! Kumbe huko shule mlifundishwa kutaka vyungu vinavyovuja."

Nikamwomba siku moja tu zaidi. Akanipa, huku akinung'unika. Nikanunua vyungu vingine, na safari hii nikavipanga mwenyewe mlangoni, kwenye kivuli ambako ule upepo wa moto unapita. Nikamwaga maji kwenye mchanga. Chungu kikaanza kuiva rangi kutoka chini, kikawa cheusi polepole, kikatoa jasho. Mama akavuta kigoda akaketi mbele yake akikitazama kama maziwa yaliyo motoni.

Mchana jua lilipokuwa kali kabisa, nikaingiza mkono ndani. Nikamvuta Mama mkono, nikauingiza wake.

"Hii ni baridi ya Kibugu," akasema kwa sauti ndogo.

Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimsumbua jikoni. Githeri ikishachemka, nikiongeza kuni alinigombeza: hata ukichoma msitu mzima, maji yakishachemka yamechemka, hayazidi hapo. Nami nilimuuliza, sasa moto wa hizo kuni nyingine unaenda wapi? Alinionyesha tu mvuke ukitoka mlangoni. Na kweli ndiko ulikokuwa ukienda. Maji hayageuki mvuke bure. Kila tone linaloondoka linaondoka na joto lake. Jikoni lilichukua joto la kuni. Hapa mlangoni hapakuwa na kuni, kwa hiyo lilichukua lilipolipata: kwenye udongo, kwenye mchanga, kwenye ile chupa ndogo katikati. Na aliyekuwa akiyahimiza maji yaondoke ni upepo ule ule wa moto niliokuwa nikiutukana. Kadiri ulivyokuwa mkali na mkavu ndivyo chungu kilivyozidi kupoa. Kibugu kwenye ukungu, ambako nguo hukaa kwenye kamba hadi zinuke, chungu hiki kisingefanya hivi. Nilisimama pale mlangoni nikahisi nywele zikinisimama. Maisha yangu yote nilikuwa nikiyaona maji yakikauka, na sikuwahi kujua kwamba kuna kazi inayofanyika.

Tukaiweka dawa ndani. Mama hakuondoka kwenye kigoda. Baada ya muda akagusa kile kitambaa nilichokata kwenye gunia la sukari.

"Hiki kimekauka tena. Ni kidogo mno," akasema.

Akainuka, akaenda kwenye begi, akaichukua ile leso ya zambarau. Akaitumbukiza yote kwenye ndoo, akaikamua, akakifunika chungu vizuri pande zote. Kisha akanigeukia kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyeilowesha.

"Haya, sasa nitasafiri na nini?"